Jina la mtoto liko kwenye karatasi ya bagia, jina la mtuhumiwa halisomeki. Sheria zetu za kumbukumbu zinamlinda nani?

MamaNasra (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Hili jambo nimekaa nalo wiki nzima, leo nalileta kwenu. Ni refu, mnivumilie.

Jumanne asubuhi nilishuka daladala nikanunua bagia za mia tano kwa mama anayekaanga pale kituoni. Kanifungia kwenye karatasi kama siku zote. Nimefika kazini, nimekula, nakunja karatasi niitupe, jicho likatua kwenye neno "mwathirika". Nikaikunjua. Ilikuwa hati ya mashtaka, nusu yake. Kosa ni kubaka. Jina la mtoto lilikuwepo, yote matatu: lake, la baba, la babu. Miaka 9. Darasa la tatu, na shule imetajwa. Mtaa umetajwa. Pale juu penye jina la mshtakiwa mafuta yalikuwa yameshaloa, wino umetawanyika, na chini karatasi imechanwa. Kwa hiyo mtoto nilimjua wote mpaka kwao. Anayetuhumiwa sikumjua hata herufi moja.

Jioni nilimrudia yule mama. Kosa si lake. Ananunua makaratasi kwa kilo kwa kijana anayepita, na kijana anayakusanya steshenari na maofisini. Tulipekua pamoja zilizobaki, tukakuta mbili za kesi za viwanja. Nikamlipa elfu mbili, nikachukua fungu lote nikaenda kulichoma. Kesho yake nikaenda kwenye ofisi ambayo niliamini karatasi imetokea huko (sitaitaja). Kijana wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu: "Mama, hiyo ni nakala tu. Jalada lenyewe lipo masjala, halijapotea."

Nimefanya masjala halmashauri miaka 14, kwa hiyo nilimwelewa vizuri sana, na ndiyo maana sikulala. Sisi tulifundishwa kulinda jalada. Lisiliwe na mchwa, lisitoke bila kusainiwa, lirudi kwenye namba yake. Mtoto aliyeandikwa mle ndani hakuna aliyetufundisha kumlinda. Nakala kumi zikitoka na jalada likabaki kabatini, kwa hesabu zetu kazi imefanyika.

Msinielewe kwamba sheria haipo. Ipo, tena nyingi. Katiba ya Tanzania Ibara ya 16 inampa kila mtu faragha, na Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupata habari. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inataka maslahi bora ya mtoto yatangulie, na mahakama ya watoto haikai hadharani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu ofisa kukunyima taarifa inayoingilia faragha ya mtu mwingine. Mwaka 2018 Jaji Mkuu alitoa waraka kwamba majina ya waathirika wa makosa ya ngono yasiandikwe kwenye hukumu. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na yenyewe imezihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, kundi moja na vinasaba.

Lakini someni hukumu zinazowekwa mtandaoni. Jina la mtoto limefichwa, wameandika "mwathirika" au herufi mbili. Halafu aya ya pili: shahidi wa pili, mama mzazi wa mwathirika, jina lake kamili. Shahidi wa tatu, mwalimu mkuu wa shule fulani. Kijiji, kata, tarehe ya tukio. Mkazi wa kijiji kile anahitaji jina la nini tena? Tumeficha jina kwa mtu wa mbali ambaye hata hivyo hakuwa na haja nalo, jirani tumemwachia kila kitu.

Na hapa ndipo paliponikalia vibaya zaidi. Kuna kesi ambazo ukimtaja mkosaji umemtaja mtoto: baba mzazi, babu, kaka. Hukumu inaitwa kwa jina la mshtakiwa dhidi ya Jamhuri, na ndani inasema aliyefanyiwa ni binti yake wa miaka 11. Ana binti wangapi wa miaka 11? Nimeliwaza sana hili na sioni njia ambayo haina maumivu. Kwa kesi za maharimu, mimi ningefunika jina la mshtakiwa pia kwenye nakala inayokwenda kwa umma, hata kama inamaanisha mtu mbaya anapata kivuli. Kivuli chenyewe ni cha mtoto, yeye amejibanza tu.

Ila kwa wengine wote, la. Na hii ndiyo sehemu ya pili ya hoja yangu, kwa sababu naogopa mtu atanisoma aseme mama huyu anataka kila kitu kiwe siri. Siri ndiyo inayotumaliza. Mangapi tumeona yanaishia kwenye kikao cha ukoo, mbuzi wawili na laki tatu, "tusimwaibishe mtoto"? Aibu ya mtoto inatumiwa na watu wazima kujifichia. Na hata pale mtu alipofikishwa mahakamani akafungwa, akitoka anahama mkoa, anaomba kazi ya kufundisha tuisheni au kulinda hosteli. Mwenye shule anamuuliza nini? Anaomba hati ya polisi ya tabia njema akikumbuka, na wengi hawakumbuki. Mzazi ndiyo kabisa, hana pa kuuliza.

Kwa hiyo tumevigeuza. Kinachotakiwa kufungwa kiko barabarani kimefunga bagia, na kinachotakiwa kufika kwa mwenye shule kimefungwa kwa kufuli.

Ninachotaka mimi ni hiki. Kila hati inayomhusu mtoto itoke na nakala mbili tangu siku ya kwanza: moja ya mahakama, yenye kila kitu, na moja ya kutembea, ambayo haina jina, shule, mama wala kitongoji. Ofisi itakayopoteza ya kwanza ihesabike imepoteza mtoto. Na orodha ya waliotiwa hatiani kwa makosa dhidi ya watoto iwepo, iulizwe na kila anayeajiri mtu wa kukaa na watoto, kuanzia shule ya bweni mpaka madrasa na kituo cha yatima. Iulizwe, si ibandikwe ukutani.

Na sisi raia tusijitoe. Matangazo ya "mtoto amepotea" tunayosambaza, picha, jina, shule, namba ya mama, mtoto akipatikana nani anayafuta?

Naomba kuwasilisha.

BabaWawili

Mama, heshima kwako, lakini hapo mwisho umenigusa na sikubaliani.

Mwaka juzi mwanangu wa kiume, wakati huo yuko darasa la nne, alipotea Kariakoo siku ya Jumamosi. Tulikuwa tumeenda kununua sare. Nimegeuka kulipa, sina mtoto. Nilikwenda polisi, wakaandika, wakaniambia tusubiri. Mdogo wangu ndiye aliyepiga tangazo: picha, jina, shati alilovaa, namba yangu. Baada ya saa tatu nikapigiwa na konda wa daladala ya Mbagala, kamuona mtoto amekaa kituoni analia, akafungua simu akakuta picha. Ningesubiri nakala mbili na masuala ya faragha, leo ningekuwa naandika nini hapa?

Usalama kwanza. Faragha mtoto ataikuta akiwa hai.

MamaNasra

Baba, nashukuru Mungu mwanao yupo. Na kwa saa zile tatu niko upande wako, ningesambaza na mimi. Sheria yoyote itakayomzuia mzazi pale nitaipinga.

Swali langu linaanza saa ya nne. Mtoto amerudi, ameoga, amelala. Tangazo liko wapi?

WakiliMdogo

Dada MamaNasra, uzi mzuri. Naomba niongeze kitu kimoja, maana ndicho watu wengi hawakijui na kinaeleza kwa nini majina yalizagaa.

Faragha ya Sheria ya Mtoto inamhusu zaidi mtoto anapokuwa mbele ya mahakama ya watoto. Mtoto aliyebakwa na mtu mzima kesi yake inakwenda mahakama ya kawaida, na huko kinachomlinda ni kifungu cha 186(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (namba za Toleo la 2019), kilichotokana na SOSPA, ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Kinasema ushahidi wa kesi za ngono usikilizwe faragha, na ushahidi na mashahidi wasitangazwe kwenye gazeti wala chombo kingine cha habari.

Halafu kinaweka mlango. Hakizuii kuchapisha kwenye ripoti za sheria, wala majarida ya kitaalamu ya wanasheria na madaktari.

Mwaka 1998 mlango ule ulikuwa na maana. Ripoti ya sheria ilikuwa kitabu kizito kwenye rafu ya wakili, nani mwingine angekifungua? Leo hukumu ni faili kwenye intaneti, mtu anaandika jina kwenye simu na inakuja ya kwanza. Mlango haujabadilishwa neno, ila chumba kilichokuwa nyuma yake kimekuwa barabara. Waraka wa Jaji Mkuu wa 2018 na kanuni za 2019 za kesi zinazohusu makundi maalumu zimeziba sehemu kubwa kwa hukumu mpya. Za miaka ya nyuma ziliandikwa na majina, na mtoto wa kesi ya 2006 leo ni mtu mzima anayetafuta kazi.

Kuhusu kufunika jina la mshtakiwa kwenye kesi za maharimu, hapo tutagombana kidogo. Umma ukishindwa kujua nani kafungwa, ni rahisi pia kushindwa kujua nani hakufungwa na kwa nini. Mimi ningefunika undugu, nisifunike jina. Hukumu iseme "mtu anayeaminiwa na mtoto", na uhusiano wenyewe ubaki kwenye nakala ya mahakama.

MamaNasra

Wakili, kosa lenyewe linaitwa maharimu. Ukishaandika kichwa cha kosa umeshataja undugu. Kwa hilo bado nimesimama pale pale.

Ila hili la mlango wa 1998 sikulijua. Ahsante sana.

Wa_Thika

Nachangia kutoka Kenya.

Mambo ya mama kuhusu kutaja mkosaji bila kumtaja mtoto, kuna mahali tunayafanya tayari. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikimfuta mwalimu kwenye rejista, majina yanachapishwa. Unaona jina na namba ya mwalimu, na hakuna mtoto yeyote aliyetajwa. Shule ya kibinafsi kule Busia inaweza kuangalia kama huyu anayeomba kazi alifukuzwa Meru. Tena Waraka Na. 3 wa 2010 wa TSC unamlazimu mwalimu anayejua au kushuku dhuluma ya kingono aripoti ndani ya saa 24, na anayeficha ana hatia yake mwenyewe. Hapo ndipo ile "tusimwaibishe mtoto" inakatwa miguu.

Udhaifu ni kwamba inawashika walimu tu. Mpishi wa shule, dereva wa basi, mlinzi, mhubiri, hawako kwa rejista ya TSC. Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 39, inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu aweke rejista ya waliopatikana na hatia. Mimi ni mzazi na niko kwenye bodi ya shule, na sijawahi kusikia mwajiri hapa mtaani akisema ameiuliza.

Kwa upande wa picha, mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tangu siku hiyo shule yetu inatuma fomu kabla ya kila siku ya michezo. Faini moja ilifundisha kuliko semina kumi.

Mkimbizi_wa_Baridi

Niko Marekani miaka 17. Nataka kuwaonya kuhusu orodha, maana huku ninaishi nayo.

Sheria ya kuianika orodha ya wakosaji kwa umma iliyovuma zaidi ilitungwa New Jersey mwaka 1994 baada ya mtoto wa miaka 7 kuuawa na jirani aliyekuwa na rekodi ambayo wazazi hawakuijua. Mwaka 1996 ikawa sheria ya nchi nzima. Kila mzazi anaielewa hiyo sababu, hata mimi. Leo nikifungua simu naona ramani ya mtaa wangu na alama, nikibonyeza naona sura ya mtu, anwani na kosa.

Jambo la kuangalia ni nani mwingine aliingia humo. Sheria ya huku ya nchi nzima ya 2006 inataka hata mtoto wa miaka 14 aliyefanya kosa kubwa la ngono asajiliwe, na kuna majimbo yanayowaweka hadharani. Tulianza kwa kuwalinda watoto na tukaishia na sura za watoto ukutani. Alichosema mama, "iulizwe, si ibandikwe ukutani", kiandikeni kwa kalamu nyekundu kama mtatunga hiyo sheria. Na watoto wasiwemo kabisa.

Nuru_K

Nimesoma uzi wote mara mbili. Nilitaka kupita kimya nikashindwa.

Baba, usichukie ninachoandika. Mimi nilikuwa tangazo.

Nilikuwa na miaka 12. Nilitoweka siku nne. Picha iliyotumika ni ya kipaimara, nimevaa gauni jeupe, chini jina langu lote na shule. Nilipatikana. Sitaeleza yaliyonipata, ila mtu mmoja alieleza: aliichukua picha ile ile akaandika juu "AMEPATIKANA" na chini akaandika nilikopatikana, kwa nani, na hali niliyokuwa nayo. Aliandika kwa furaha, nina uhakika. Watu waliweka emoji za mikono ya kushukuru.

Nilihamishwa shule. Wiki ya pili darasa zima walikuwa nayo.

Sasa hivi nina miaka 20, niko chuo. Muhula uliopita kaka mmoja tuliyekuwa tunapendana alitafuta jina langu, tu, kama watu wanavyotafuta. Hakusema kitu. Alianza kuongea na mimi kwa sauti ya chini, kama ninaumwa. Nikajua.

Kesi ilikwenda mahakamani na hakimu alikuwa makini, kila mtu alitolewa nje nilipotoa ushahidi. Kwenye hukumu mimi ni "mwathirika". Mahakama ilinificha vizuri. Walionianika ni walionitafuta.

Swali kwa wakili: mimi si mtoto tena. Bado nalindwa?

WakiliMdogo

Dada Nuru, pole, na ahsante kwa kuandika.

Ndiyo. Kwanza, ulinzi wa 186(3) na wa waraka unamhusu mwathirika wa kosa la ngono bila kujali umri, kwa hiyo miaka 18 haikuondolei. Pili, taarifa ile ilikuhusu ulipokuwa mtoto na iliwekwa bila wewe kuridhia. Sheria ya 2022 inakupa haki ya kudai isahihishwe au ifutwe, na ukikataliwa unalalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Swali lako lenyewe lilishafika Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini. Kulikuwa na msichana aliyeibwa akiwa mchanga hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1997, akapatikana mwaka 2015 akikaribia miaka 18. Vyombo vya habari vilikuwa vinahesabu siku: akifikisha 18 sheria ya kumficha inaisha, tunamtaja. Tarehe 4 Desemba 2019 majaji walio wengi walisema hapana, mtoto aliyelindwa hapotezi ulinzi kwa sababu ya siku yake ya kuzaliwa, na waathirika walindwe sawa na washtakiwa na mashahidi. Hukumu ile haitufungi sisi, lakini mahakama zetu husoma za jirani, na mimi ningeibeba kwenye begi siku ya kwanza.

Akitaka mwenyewe kujitaja, ni haki yake. Yule msichana alifanya hivyo alipokuwa mtu mzima, kwa uamuzi wake.

MamaNasra

Nuru mwanangu, nimekusoma. Nimeshindwa kuandika haraka.

Umenibadilisha kitu kimoja. Nilikuja hapa na hasira za ofisi na makaratasi. Sikuwa nimeiona hiyo "AMEPATIKANA". Mimi mwenyewe nimeshawahi kuituma, zaidi ya mara moja, na maelezo yake, na mikono ya kushukuru. Nitapitia simu yangu usiku huu.

Kwa wengine: mtoto akipatikana, andikeni neno hilo moja bila picha na bila maelezo, na mumwombe kila mliyemtumia afute. Na polisi wanapotoa tangazo, namba ya kupiga iwe ya kituo au ya dawati la jinsia na watoto, isiwe ya mama. Mtu akiwa na taarifa atapiga tu.

BabaWawili

Dada Nuru, siwezi kukuchukia. Nisamehe kwa maneno yangu ya juu, niliandika kama mzazi mwenye hofu.

Nimefuta yangu Facebook. Kwenye grupu la wazazi nimemwandikia admin. Nimemtafuta na yule konda wa Mbagala, nambari bado ninayo, naye amefuta na akaulizia hali ya mtoto.

Ila kuna ukurasa mmoja wa habari za mjini uliichukua picha wakati ule. Bado ipo. Wameandika mtoto "alitelekezwa na mzazi", kitu ambacho si kweli, na jina la shule lipo. Mwanangu sasa yuko darasa la sita na ana simu ya kusomea. Nimeandika jina lake hapa sasa hivi, imekuja ya pili.

Wakili, naanzia wapi?

WakiliMdogo

Kaka, kabla hujawaandikia piga skrinshoti, ionyeshe anwani ya ukurasa na tarehe. Wakifuta kabla hujawa nayo huna ushahidi.

Kisha waandikie, kwa maandishi si kwa simu: wewe ni mzazi, mtoto ana umri gani, taarifa ni nyeti kisheria, huridhii, na maelezo ya kutelekezwa ni ya uongo. Wape siku saba. Nakala ibaki kwako. Wakinyamaza, barua hiyo hiyo na skrinshoti unaambatisha kwenye malalamiko kwa Tume.

Nitumie ujumbe binafsi, rasimu ya barua nitakuandikia leo. Dada Nuru na wewe pia, hakuna gharama. Usiweke kiungo cha picha hapa kwenye uzi, wala jina la ukurasa.

BabaWawili

Nimekutumia.